Sabato ni Siku Ipi? Mbinu za Kulijibu Swali Bila Kuvunja Nyumba

Nyaishozi, kama kwingine Karagwe na Kyerwa, ukoo mmoja unaweza kubeba madhehebu matatu au manne. Babu ni Mkatoliki, shangazi ni Mlutheri, mjomba kabatizwa kwa Waanglikana, na binti aliyekwenda kusoma au kuolewa mbali amerudi Msabato. Wote wanakula ndizi za kibanja kimoja na wanazikana. Lakini binti akikataa kwenda kuvuna maharage Jumamosi, au mama mkwe akimkuta mkwewe ameshika jembe Jumapili asubuhi, swali la Sabato linatoka kanisani na kuingia jikoni. Maneno makali huanzia hapo, na mengine hayasahauliki upesi.

Mbinu hizi ni za watu wa nyumba kama hiyo. Sisemi kwamba siku zote ni mamoja na kila mtu ashike lake. Swali hili lina majibu, na anayempenda Mungu hana budi kuyatafuta. Ninachoomba ni tuyatafute kwa utaratibu, na tukishayapata tuyaishi bila kupunguza.

1. Tenganisha maswali mawili

Mabishano mengi hayaishi kwa sababu watu wanajibu maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: siku ya saba ya Biblia ni ipi? La pili: je, Mkristo anafungwa na siku hiyo?

Swali la kwanza halina ugomvi wa kweli. Siku ya saba ni Jumamosi. Wayahudi wameishika tangu kabla ya Kristo hadi leo, popote walipotawanyika. Luka, mwishoni mwa sura ya 23 na mwanzo wa sura ya 24, anazipanga siku tatu mfululizo: siku ya maandalio Yesu anazikwa, siku ya Sabato wanawake wanapumzika, na siku ya kwanza ya juma wanakuta kaburi wazi. Kila Mkristo anayeadhimisha Ijumaa Kuu na Jumapili ya Pasaka ameshakubali kwamba Sabato ni siku iliyo katikati. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 nayo inasema wazi kwamba Jumapili si Sabato, bali ni siku inayoifuata.

Jihadhari na mitego mitatu hapa. Usihesabu kwa majina ya siku ya Kiswahili, maana hesabu yake inaanzia baada ya Ijumaa, na ukiifuata hadi saba utaishia Ijumaa. Usihesabu kwa kalenda ya ukutani inayoanza Jumatatu, kwa kuwa hiyo ni hesabu ya maofisi. Na ukiambiwa kalenda ilibadilishwa zamani hivyo siku zimepotea, jibu ni kwamba Papa Gregori wa 13 aliporekebisha kalenda mwaka 1582, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Tarehe ziliruka, siku za juma hazikuguswa.

Mkikubaliana hadi hapo, kinachobaki ni swali la pili. Hilo ndilo la kufungulia Biblia.

2. Soma maandiko ya pande zote mbili

Chukua daftari, fungua kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja andika maandiko ambayo Wasabato huyasimamia: Mwanzo 2:1–3, Kutoka 16 yote, Kutoka 20:8–11, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Isaya 58:13–14, Luka 4:16, Matendo 13:42–44 na 18:4, Waebrania 4:9. Upande wa pili andika ya wanaosali Jumapili: Yohana 20:1, 19 na 26, Matendo 15 yote, Matendo 20:7, 1 Wakorintho 16:2, Warumi 14:5–6, Wagalatia 4:10, Wakolosai 2:16–17, Ufunuo 1:10.

Soma andiko moja la huku na moja la kule, kwa zamu, na mbele ya kila moja jibu maswali haya: nani anasema, anamwambia nani, na je, andiko linaamuru au linasimulia?

Swali hilo la mwisho linafanya kazi kubwa. Tazama Matendo 20:7. Waumini wa Troa wamekusanyika siku ya kwanza ya juma, wanamega mkate, na Paulo anahubiri hadi usiku wa manane. Hiyo ni habari nzito, inaonyesha kwamba siku hiyo ilikuwa na mkutano. Lakini hakuna anayeamriwa kitu. Sasa tazama Matendo 16:13. Paulo yuko Filipi, siku ya Sabato anatoka mjini kwenda kando ya mto mahali pa kusali, na huko anamkuta Lidia. Hiyo nayo ni habari. Inaonyesha kwamba Paulo alikwenda walipo wanaosali, wala haisemi kanisa la Filipi lilikutana siku gani baadaye. Msabato akimkatalia mwenzake Matendo 20 kwa kuwa ni simulizi, na aikatae Matendo 16 kwa kipimo kilekile. Mlutheri naye afanye vivyo hivyo kwa upande wake.

Ukipita katika simulizi, utabaki na maandiko machache ambayo yanabeba uzito wote. Upande mmoja ni amri ya Sabato yenyewe, iliyotiwa mzizi katika uumbaji na tena katika kutolewa Misri. Upande mwingine ni Wakolosai 2:16–17 na Warumi 14:5–6. Kwa Wasabato, sabato zinazotajwa kwa Wakolosai ni zile za sikukuu za mwaka, za Walawi 23. Wengine wanajibu kwamba Paulo ametaja sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato, yaani ya mwaka, ya mwezi na ya juma, hivyo hata ya kila juma imo. Hapo ndipo penye fundo la suala zima. Kaa hapo muda mrefu kuliko kwingine kote.

3. Tupa hoja mbovu za upande wako kwanza

Kila upande una hoja zinazopendwa barabarani lakini hazisimami. Anza kutupa za kwako kabla hujagusa za jirani.

Kwa Msabato: usiseme Jumapili ililetwa na Konstantino. Sheria ya Konstantino ya tarehe 7 Machi 321 iliamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku ya jua, na iliwaruhusu wakulima waendelee na kazi ili wasipitwe na majira ya kupanda. Ilihusu kupumzika. Kukusanyika Jumapili kulikuwapo tayari: Justino Mfiadini, aliyeandika Roma katikati ya karne ya pili, anaeleza jinsi Wakristo walivyokutana siku hiyo, wakasoma maandiko, wakashiriki mkate na kikombe, wakachangia yatima, wajane, wafungwa na wageni. Samuele Bacchiocchi, mwanazuoni Mwadventista Msabato aliyesomea udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Gregoriana huko Roma, aliandika kitabu mwaka 1977 akitetea Sabato, na hata yeye aliona chimbuko la Jumapili katika karne ya pili, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Konstantino. Usimwambie pia shangazi yako kwamba amekwisha pigwa chapa ya mnyama. Mafundisho ya Waadventista wenyewe ni kwamba jambo hilo ni la wakati ujao, na hakuna aliyeipokea chapa hiyo kwa kusali Jumapili leo.

Kwa anayesali Jumapili: usiseme Yesu aliihamisha Sabato kwenda Jumapili. Andiko la kuhamisha halipo. Walutheri wa Karagwe wanalo jibu bora zaidi katika ungamo lao la Augsburg la 1530, ibara ya 28. Linasema wanakosea wanaodhani kanisa liliweka Jumapili mahali pa Sabato kama jambo la lazima. Siku hiyo ilichaguliwa ili watu wajue lini wakutane. Huo ni msimamo unaoweza kutetewa bila kubuni andiko. Mkatoliki naye husimama juu ya ufufuo na mapokeo ya kanisa, na hana haja ya kuazima hoja nyingine.

Usiseme pia kwamba Sabato ni dini ya Wamarekani iliyokuja juzi. Ni kweli kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa Marekani mwaka 1863 na kufika nchini mwetu Tanzania mwaka 1903, huko Giti katika milima ya Upare. Lakini jirani zetu wa Ethiopia walikuwa wakiishika Jumamosi karne nyingi kabla. Mtawa Ewostatewos wa karne ya 13 na 14 aliitetea hadi akalazimika kuondoka nchini kwao, na mwaka 1450 baraza la Debre Mitmaq, chini ya mfalme Zara Yakobo, likaamua kwamba kanisa liheshimu siku zote mbili, Jumamosi na Jumapili. Hakuna mzungu aliyewaagiza.

4. Ukishaamua, ipange siku nzima

Imani ya siku inaonekana Ijumaa mchana au Jumamosi jioni, katika maandalizi. Asiyejiandaa ataivunja siku yake bila kukusudia.

Kwa Msabato, siku inaanza jua likizama Ijumaa na kwisha likizama Jumamosi. Usitumie saa za Dar es Salaam. Karagwe iko mbali magharibi, jua linazama takriban nusu saa baada ya huko. Nyaishozi machweo huwa kati ya saa moja kasorobo na saa moja na robo hivi, mapema zaidi mwezi Novemba na kwa kuchelewa zaidi mwezi Februari. Kwa hiyo Ijumaa una mchana mrefu wa kutosha, ukiugawa vizuri.

Asubuhi loweka maharage. Mchana yachemshe yaive kabisa, maana ndiyo yanayokula kuni na muda. Ndizi zilizopikwa jana hukauka na kupoteza ladha, hivyo familia nyingi zitapendelea wali, viazi au mihogo kwa chakula cha Sabato, au kupika ndizi jioni kabla ya machweo na kuzifunika kwa majani ya mgomba ndani ya chungu cha moto. Jaza madumu yote ya maji. Kata majani ya ng'ombe na mbuzi ya siku mbili. Fua na nyoosha nguo za kanisani Alhamisi, usingoje Ijumaa.

Msimu wa kahawa una mtihani wake. Kahawa imeanikwa uani juu ya turubai, na wingu linaweza kupanda Jumamosi saa nane mchana. Ijumaa jioni ikusanye, ifunike kwa turubai la pili na uweke mawe pembeni, au iingize stoo. Ikitokea mvua imekuwahi, kuiokoa mali isiharibike si kuvunja Sabato. Yesu mwenyewe aliuliza juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani, katika Luka 14:5. Lakini kuigeuza kahawa kila saa ili ikauke upesi, ipelekwe chama cha msingi Jumatatu, hiyo ni kazi ya kawaida na inaweza kungoja.

Kwa anayeishika Jumapili kama siku ya Bwana, haya yote yanakuhusu. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa Katoliki inataka mwamini aache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku hiyo na pumziko la mwili na akili. Kwenda misa ya kwanza kisha kushinda shambani hadi giza hakutimizi hilo. Hamishia kufua, kusaga na kupalilia Jumamosi, uache mchana wa Jumapili kwa wagonjwa, wazee na watoto.

5. Zungumza mapema na walio juu yako

Mzazi asijue msimamo wako kwa kukukosa shambani. Mwendee siku ya kawaida, akiwa ametulia, umsalimie ipasavyo na useme moja kwa moja:

"Shikamoo baba. Nimekuja kukueleza jambo kabla hujalisikia kwa watu. Nimesoma na kuomba, na nimeamua kushika Sabato. Sijakukataa wewe, wala kanisa ulilonibatizia silidharau. Kazi zangu za Jumamosi nitazifanya Jumapili na Ijumaa, na zamu ya kuchunga ya Jumapili nitaichukua mimi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Mzazi wa Kinyambo ambaye kazi yake haikulala atasikiliza mengine kwa utulivu zaidi. Naye mzazi anayeletewa habari hiyo asijibu siku hiyohiyo. Aseme amesikia, alale nalo, na amwombe mwanawe wakae wasome pamoja.

Kwa mwajiri, andika barua. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini kazini, na inampa mfanyakazi mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Mapumziko hayo hayakutajiwa siku katika sheria, hivyo nafasi ya kupatana ipo. Katika barua taja siku unayoomba, saa inapoanza na kuisha, na kazi au zamu utakayofanya badala yake.

Kwa shule na vyuo, usitegemee mahakama kwanza. Uganda, wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walifungua kesi juu ya masomo na mitihani ya Jumamosi, wakashindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003 na tena Mahakama ya Juu mwaka 2006. Kenya, Kanisa la Waadventista lilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2017 ikaamua kwamba shule zinapaswa kuwapa nafasi wanafunzi hao. Nchi jirani, imani ileile, hukumu tofauti. Mzazi atakayemwona mkuu wa shule mwanzoni mwa muhula, akiwa na pendekezo la mwanawe kufanya usafi au masomo ya ziada siku nyingine, atapata mengi bila wakili.

6. Kubalianeni juu ya misiba na harusi

Harusi nyingi hufanyika Jumamosi, na msiba hauchagui siku. Familia yenye madhehebu tofauti ikae mapema, kabla jambo halijatokea, ipange.

Mazishi yakiangukia Jumamosi, Msabato anaweza kwenda, kuketi na wafiwa, kuimba na kuomba. Kufariji ni tendo la rehema, na Yesu aliponya siku ya Sabato mbele ya waliomlaumu. Kazi za mikono azitoe mapema: Ijumaa kabla ya machweo apeleke kuni, maji na mkungu wa ndizi, na kama kuna kuchimba kaburi, ajitokeze Ijumaa hiyohiyo. Wenyeji wakiona mchango wake umetangulia, hawatasema dini imemfanya mgeni kwao. Wanaosali Jumapili nao, panapowezekana, wasimpangie ndugu yao Msabato kikao cha ukoo Jumamosi asubuhi kana kwamba hayupo.

7. Wape siku walio chini yako

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu akae zaidi, wa Jumamosi na wa Jumapili. Soma tena Kutoka 20:10. Amri haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni aliye ndani ya malango. Kumbukumbu la Torati 5:14–15 linatoa sababu: mtumwa apumzike kama wewe, kwa kuwa wewe nawe ulikuwa mtumwa. Sehemu hii ya amri haihusiki na fundo la mbinu ya pili. Hata anayeamini kwamba Mkristo hafungwi na siku ya saba hawezi kusema amefunguliwa na huruma.

Mashamba ya Karagwe na Kyerwa yana vibarua wengi, wakiwamo waliovuka kutoka Burundi na Rwanda kutafuta riziki. Nyumba nyingi zina msichana wa kazi anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Familia inaweza kuvaa vizuri, ikaenda kusali na kuimba juu ya pumziko, huku msichana huyo akibaki na sufuria, mtoto mgonjwa na ng'ombe wa kunywesha. Siku yao imekuwa safi kwa sababu yeye hana siku.

Rekebisha hivi. Muulize kila anayekufanyia kazi anasali siku gani, na umpe hiyo, hata kama ni tofauti na yako. Mwislamu mpe nafasi ya Ijumaa mchana, pamoja na siku yake nzima ya kupumzika. Msabato asimtumie asiye Msabato kumpikia na kumchotea maji siku ya Sabato, kwa kuwa ndicho amri ilichokataza. Kwa msichana wa kazi, panga zamu: siku yake, watoto wakubwa na wazazi waoshe vyombo wenyewe.

Kwa kibarua wa kulipwa kwa siku, mapumziko bila malipo ni njaa. Kumwambia apumzike bila kugusa ujira ni kumhubiria tu. Mpe kazi ya kipande ya juma zima, ambayo anaweza kuimaliza kwa siku sita, na malipo yake yatoshe siku saba. Patana naye kabla hajashika jembe, umlipe jioni ya siku inayotangulia mapumziko yake, ili siku hiyo aende kusali akiwa na fedha mfukoni na chakula ndani.

Anza na mmoja juma hili. Akishapata siku yake, kaeni chini wewe na yeye na daftari lile la kurasa mbili, msome pamoja ni ipi iliyo Sabato.